"Ni Kweli": Sauti ya Mtoto Mshitakiwa kati ya Istilahi, Kumbukumbu za Mahakama na Ngonjera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha inayomzunguka mtoto anayeshitakiwa kwa kosa la jinai nchini Tanzania, kwa kulitazama suala hilo kutoka Dodoma na nyanda za kati. Yanachunguza mambo matatu: istilahi za Kiswahili zinazomtaja mtoto huyo na mahali anapopelekwa, jibu la "ni kweli", ambalo mara nyingi hufunga shauri kabla halijafunguka, na ngonjera, utanzu uliokuzwa na Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo. Hoja kuu ni kwamba sheria imebadili utaratibu wa kumsikiliza mtoto bila kubadili aina ya usemi anaopewa. Mtoto ameandaliwa nafasi ya kukubali, hajaandaliwa nafasi ya kusimulia. Makala yanahitimisha kuwa kuhamishia sheria katika Kiswahili ni hatua ya lazima, ila haitatosha iwapo usemi wenyewe utabaki kuwa wa swali lenye jibu linalojulikana.

1.0 Utangulizi

Bunge la Tanzania hujadili miswada kwa Kiswahili. Ndivyo ulivyojadiliwa jijini Dodoma muswada uliozaa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Hata hivyo, sheria iliyotoka katika mjadala huo ilichapwa kwa Kiingereza. Wabunge walimzungumzia mtoto kwa lugha yake au lugha iliyo jirani na yake, kisha wakamkabidhi kwa lugha nyingine. Makala haya yanaanzia katika ufa huo.

Sheria hiyo ilileta mabadiliko makubwa. Ilifuta sheria ya kikoloni ya watoto na vijana, ikaweka umri wa chini ya miaka 18 kuwa ndio utoto, na katika kifungu cha 97 ikaanzisha Mahakama ya Watoto. Kifungu cha 99 kinataka shauri la mtoto lisikilizwe faraghani, mzazi au mlezi na afisa ustawi wa jamii wakiwapo, kwa utaratibu usio na urasmi mwingi, na kwa njia ya uchunguzi badala ya mabishano ya pande mbili. Kifungu cha 119 kinakataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Kwa maandishi, basi, mtoto ametolewa katika uwanja wa mapambano na kuwekwa katika kikao cha mazungumzo. Swali la mhakiki wa lugha na fasihi ni hili: mazungumzo hayo yanafanywa kwa usemi gani, na mtoto ana sehemu gani ndani yake?

Swali hili lina uzito zaidi leo. Tarehe 1 Februari 2021, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo Sheria ya Tafsiri ya Sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikibakizwa kwa mazingira maalumu. Kazi ya kuzitafsiri sheria imo mikononi mwa watu wa zama hizi. Maneno yatakayochaguliwa sasa ndiyo yatakayowaita watoto wa vizazi vijavyo.

Tahadhari moja ya kimbinu inahitajika. Makala haya hayatumii jalada la mtoto yeyote. Mashauri ya watoto yanalindwa na usiri, na usiri huo ni sehemu ya haki yao. Data yetu ni maneno ya sheria, istilahi zilizozoeleka katika taasisi, na matini za kifasihi zinazofahamika. Pale tunapohitaji kisa tumekibuni, na tumesema hivyo.

2.0 Mtoto au Kijana?

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, mtu wa miaka 16 ni mtoto. Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, mtu wa miaka 15 hadi 35 ni kijana. Hivyo, mwenye miaka 15, 16 au 17 ana majina mawili halali, na anayemtaja huchagua. Uchaguzi huo hauna bahati nasibu. Msomaji wa magazeti yetu anaweza kujipima mwenyewe: akisoma habari ya mtu wa miaka 16 aliyefanyiwa ukatili, anatarajia neno gani? Na akisoma habari ya mtu wa umri uleule aliyekamatwa na pikipiki ya wizi, anatarajia neno gani? Aliyeumizwa huitwa mtoto, na anayedaiwa kuumiza huitwa kijana. Utoto, ambao kisheria ni suala la tarehe ya kuzaliwa, katika matumizi hugeuka kuwa tuzo ya kutokuwa na hatia.

Chini ya neno "kijana" kuna ngazi nyingine: kibaka, mhuni, mzururaji. Neno "mhuni" lina historia ndefu katika miji ya Tanganyika. Utawala wa Waingereza lilipowafaa kuwataja vijana wasio na ajira waliotoka mashambani, waliandamwa mitaani Dar es Salaam na kurudishwa makwao, wakiwamo waliotoka nyanda za kati zilizoandamwa na njaa. Baada ya Uhuru, Operesheni Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliendeleza mkondo huo kwa jina jipya. Na ilipofika mwaka 2015, Dar es Salaam ilikuwa na hofu ya kundi la vijana lililopewa jina la "panya road". Jina hilo halikuacha nafasi ya umri. Panya hana siku ya kuzaliwa, wala haulizwi alikotoka.

Hoja hapa haihusu adabu ya kutaja watu tu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 15, inamwondolea lawama ya jinai mtoto wa chini ya miaka 10. Mwenye umri unaozidi hapo lakini usiofika miaka 12 naye hana lawama, mpaka ithibitishwe kuwa wakati wa tendo alikuwa na uwezo wa kujua kwamba hakupaswa kulitenda. Sheria inadai swali la umri liulizwe kwanza. Lugha ya mtaani hulijibu kabla halijaulizwa.

3.0 Nomino ya Mkubwa, Kivumishi cha Mtoto

Tukitoka kwa jina la mtu tuingie katika majina ya mahali na hali. Istilahi za uwanja huu zina muundo mmoja unaojirudia: nomino kuu hutolewa katika ulimwengu wa mshitakiwa mtu mzima, kisha huunganishwa na "watoto" kwa kihusishi cha -a unganifu. Tuna mahakama ya watoto, mahabusu ya watoto, gereza la vijana. Kisarufi, kichwa cha kirai ndicho kinachobeba maana ya msingi. Kijalizo hupunguza tu upana wake. Mahabusu ya watoto ni mahabusu kwanza.

Neno "mahabusu" linastahili kusimamiwa kidogo. Asili yake ni Kiarabu, na umbo lake huko ni la mtendewa: aliyefungiwa. Katika Kiswahili limebeba maana mbili, mahali pa kuwekwa wanaosubiri shauri na mtu aliyewekwa hapo. Kwa hiyo mtoto anapelekwa mahabusu na yeye mwenyewe anakuwa mahabusu. Mahali na mtu vimekuwa kitu kimoja. Jina la Kiingereza la nyumba hizo lilikusudia kuleta wazo la makao ya muda. Kiswahili kilichozoeleka kimemfunga mtoto kwa neno kabla ya kumfunga kwa mlango. Anayetaka kurekebisha hana haja ya kuunda neno la ajabu. "Makao ya watoto wanaosubiri shauri" ni kirai kirefu, lakini kichwa chake ni makao, na ndani yake mtoto anasubiri.

Tofauti na hilo, "shule ya maadilisho" haikopi chochote gerezani. Shina lake ni adili. Limenyambuliwa kuwa adilisha, kisha likapewa umbo la nomino. Ni istilahi nzuri kuliko zote za uwanja huu. Hata hivyo, unyambulishi wa kusababisha una mtenda na mtendwa: yupo anayeadilisha, na yupo anayeadilishwa. Mtoto ni udongo mkononi mwa mfinyanzi. Methali zetu zinaujua utata huu. "Samaki mkunje angali mbichi" inamtazama mtoto kama kitu cha kukunjwa. "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" inageuza kidole na kumwelekea mlezi, kwani nafsi ya pili ndiyo inayotenda, na kukua kwa mtoto ni matokeo. Methali ya kwanza inamsemea msimamizi wa shule. Ya pili ingemuuliza jirani, mwalimu, serikali ya kijiji na mzazi: mlimlea vipi?

Istilahi ya tatu ni "mtoto aliye katika mkinzano na sheria". Hii ni tafsiri ya maneno ya kimataifa yaliyoenea baada ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Ilibuniwa ili kuepuka neno "mhalifu", na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini tuitazame kwa jicho la mofolojia. Shina ni kinza; kiambishi -an- kinaleta kutendeana. Wanaokinzana ni wawili, na kila mmoja anampinga mwenzake. Picha inayojitokeza ni ya mtoto na sheria wakisukumana kama fahali wawili. Aidha, istilahi hii husemwa juu ya mtoto tangu siku ya kukamatwa, wakati ambapo kinachojulikana ni tuhuma tu. Anayetuhumiwa bado hajathibitika kukinzana na lolote. Katika jitihada za kulikwepa neno kali, istilahi imeruka hatua ya kudhaniwa kutokuwa na hatia. "Mtoto anayetuhumiwa" ni neno la kawaida, halina mvuto wa semina, ila linasema kweli.

Lipo, mwisho, neno "viboko". Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, inaagiza kuwa mvulana asiyezidi miaka 18 anayepatikana na hatia ya kubaka kwa mara ya kwanza aadhibiwe kwa viboko pekee. Neno hili lilitoka kwa mnyama, likahamia kwenye mjeledi wa ngozi yake, kisha kwenye adhabu yenyewe. Linabeba kumbukumbu ya utawala wa Wajerumani na "hamsa ishirini" yao. Leo ni neno la shule, la nyumbani na la mahakama kwa pamoja. Mtoto anayelisikia mahakamani hasikii istilahi ya kisheria. Anasikia sauti anayoijua tangu utotoni, na pamoja nayo anajua kitu kimoja: anayebishana huongezwa.

4.0 Hukumu Isiyotajwa

Je, sheria inaweza kuamuru maneno? Kenya ilijaribu. Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2001, katika kifungu cha 189, ilikataza maneno mawili ya Kiingereza, lile la kutiwa hatiani na lile la kuhukumiwa adhabu, yasitumike kwa mtoto aliyeshughulikiwa na mahakama ya watoto. Badala yake, mtoto angepatikana na hatia na kutolewa amri. Ni mfano adimu wa bunge la Afrika Mashariki kutunga kanuni ya msamiati, na ulikuwa na busara: neno linalomganda mtoto humfuata hadi ukubwani, anapoomba kazi au anapogombana na jirani.

Lakini kifungu hicho kikiletwa katika Kiswahili, kinayeyuka. Kwanza, "kutiwa hatiani" na "kupatikana na hatia" yana shina moja. Msikilizaji wa Manyoni au Mpwapwa hataona kilichokatazwa na kilichoruhusiwa. Pili, "hukumu" katika Kiswahili ni pana. Wanasheria hujitahidi kulitenga liwe uamuzi wa shauri, huku adhabu ikiachiwa neno lake. Matumizi ya kila siku hayajawafuata: mtu "amehukumiwa miaka 30", na kila mtu anaelewa. Tatu, neno "amri", ambalo lilikusudiwa kuwa laini kuliko adhabu, katika Kiswahili lina sauti ya kambi ya jeshi. Kilichokuwa ulaini katika lugha moja kinageuka ukali katika nyingine.

Funzo lake kwa watafsiri wa Dodoma ni la moja kwa moja. Istilahi ya sheria ya mtoto haiwezi kupatikana kwa kuweka safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Inabidi kuuliza tendo linalokusudiwa ni lipi, kisha kulitafutia neno ambalo mtoto na mamaye wataondoka nalo nyumbani wakilielewa. "Uamuzi kuhusu malezi ya mtoto" unaweza kufanya kazi ambayo "amri" haiwezi.

5.0 "Ni Kweli"

Sasa tuingie chumbani. Sheria inaruhusu majengo ya mahakama za mwanzo yatumike kuwa Mahakama ya Watoto, lakini anayesikiliza shauri ni hakimu mkazi. Hapa pana kinaya ambacho wahakiki hawajakipa uzito. Lugha ya Mahakama ya Mwanzo ni Kiswahili kwa mujibu wa sheria, pamoja na kumbukumbu zake. Katika mahakama ya hakimu mkazi, mazungumzo yaliweza kufanyika kwa Kiswahili, ila kumbukumbu ziliandikwa kwa Kiingereza hadi mabadiliko ya mwaka 2021. Hivyo, katika jengo lilelile, mtu mzima aliyegombania shamba aliandikiwa maneno yake kwa lugha aliyoyasema; mtoto, ambaye sheria ilitaka alindwe zaidi, aliandikiwa kwa lugha ambayo huenda hata mama yake asingeweza kuisoma.

Tuchukue kisa cha kubuni. Mvulana wa miaka 14 kutoka Bahi amechunga mbuzi wa mtu kwa miezi kadhaa kwa makubaliano ya ujira. Ujira haukulipwa. Siku moja anamchukua mbuzi mmoja, anampeleka mnada wa Msalato, anamuuza. Anakamatwa. Anasomewa shitaka kwamba aliiba mbuzi mmoja, mali ya mtu fulani. Anaulizwa: ni kweli au si kweli? Anajibu: "Ni kweli."

Amekubali nini? Kitenzi kishirikishi "ni" hakichukui upatanisho wa ngeli wala cha nafsi. Hakionyeshi kiima chake. Shitaka alilosomewa lina kauli nyingi ndani yake: kwamba mbuzi alichukuliwa, kwamba aliyemchukua ni yeye, kwamba mbuzi si wake, kwamba alimchukua kwa nia ya udanganyifu, kwamba hakuwa na dai lolote la haki. Kifungu cha 258 cha Kanuni ya Adhabu kinayataka yote hayo ili tendo liitwe wizi. "Ni kweli" inaweza kumaanisha: ni kweli nilimchukua. Inaweza kumaanisha: ni kweli mbuzi alikuwa wake. Na inaweza kuwa haimaanishi chochote kuhusu mbuzi. Katika malezi ya nyanda za kati, kama kwingineko nchini, mtoto hamkatalii mkubwa usoni. Mtoto ambaye angeanza mazungumzo yoyote na mzee kwa "shikamoo" amesimamishwa mbele ya mzee asiyesalimiwa, akaulizwa swali lenye njia mbili, moja ikiwa ni ya utovu wa adabu. "Ni kweli" yake ni heshima. Kwenye karatasi inageuka ukiri.

Sheria yenyewe inaijua hatari hii. Katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo mahakama zetu bado zinazifuata: shitaka lielezwe kwa lugha anayoielewa mshitakiwa, jibu lake liandikwe kwa karibu na maneno yake mwenyewe, maelezo ya tukio yasomwe, aulizwe kama anayakubali au ana la kuongeza, na akionyesha shaka, iandikwe kuwa amekana. Ni kanuni ya kiisimu kwa hakika, kwa kuwa inakiri kwamba jibu la neno moja halina maana hadi lipewe muktadha. Lakini "maneno yake mwenyewe" yaliyoandikwa kwa Kiingereza ni maneno ya nani? Na mtoto wa Kisandawe kutoka Chemba, ambaye lugha ya nyumbani kwao si hata ya Kibantu, akijibu kwa Kiswahili cha darasa la tatu, maneno yake mwenyewe yamebaki wapi?

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na matumaini kwamba Kiswahili pekee kitaponya. Mahakama za Mwanzo zimetumia Kiswahili kwa miongo mingi, na "ni kweli" imesikika humo miaka yote. Kuandika kumbukumbu kwa Kiswahili kutaondoa pazia moja, la tafsiri. Pazia la pili ni umbo la swali.

6.0 Ngonjera na Upatanisho Wenye Mwisho Unaojulikana

Iwapo sheria inataka uchunguzi badala ya mabishano, je, fasihi ya Kiswahili inao mfano wa mazungumzo ya namna hiyo? Unao, na umetoka Ugogo. Mathias Mnyampala (1917–1969), mshairi, mwandishi wa historia na mila za Wagogo, na mtu aliyefanya pia kazi za sheria, ndiye aliyeipa ngonjera umbo na jina katika ushairi wa kisasa. Ngonjera za UKUTA zilitoka baada ya kifo chake na kuenea shuleni kote. Ngonjera ni malumbano ya kishairi. Wahusika huanza wakipingana, kila mmoja hutoa hoja kwa beti zake, na mwishoni hukubaliana. Tofauti na malumbano ya kale ya washairi waliotafuta mshindi, ngonjera hutafuta mapatano. Mtu aliyeijua baraza na mahakama alibuni utanzu ambamo ugomvi unakwisha kwa maneno na hakuna anayefukuzwa. Msingi wake wa kimaadili unafanana mno na roho ya kifungu cha 99.

Lakini utanzu huu una udhaifu ambao wahakiki wameutaja mara nyingi, nao unatufaa hapa. Katika ngonjera nyingi, hasa zilizotungwa kulieneza Azimio la Arusha, mmoja wa wahusika ni mjinga tangu mwanzo. Hoja zake ni dhaifu kwa makusudi. Kazi yake ni kuuliza ili ajibiwe, kukosea ili asahihishwe, na kukubali ili hadhira ipige makofi. Mapatano yanapatikana kwa upande mmoja kuhama. Mwingine hauhami hata hatua. Na waliozikariri ngonjera hizo mbele ya wageni rasmi walikuwa nani? Watoto. Vizazi vya wanafunzi vilijifunza kusimama wima mbele ya wakubwa na kutamka kukubali ambako hawakukutunga.

Hatudai kwamba ngonjera imesababisha "ni kweli" ya mahakamani. Tunadai kuwa zote mbili zina muundo mmoja: mazungumzo ambayo mwisho wake unajulikana kabla ya mtoto kufungua kinywa. Hakimu mwema, asiye na ukali, anayemwita mshitakiwa "mwanangu", bado anaweza kuendesha ngonjera. Atauliza kwa upole, atafundisha, atapokea majuto, na wote wataondoka wameridhika. Uchunguzi ambao sheria inautaka ni kitu kingine. Ni mazungumzo ambamo anayeuliza yuko tayari kuhama.

7.0 Kilichotangulia Kosa

Riwaya inaweza kutuonyesha njia. Katika Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo (2002), ambayo imesomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari Tanzania, msomaji hakutani kwanza na kosa. Anakutana na Peter na Zita wakirudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada na sare, na mama anayehangaika na biashara ya chakula. Mtaa unafuata baadaye. Mpangilio huo wa matukio ndio hoja ya riwaya. Hati ya mashitaka huanza na tarehe ya tendo. Riwaya huanza na tarehe ya kufungiwa mlango wa shule. Msomaji anapofika kwenye uhalifu, tayari anayo maswali ambayo hati ya mashitaka haina mahali pa kuyaweka.

Mahakamani ipo matini moja tu yenye nafasi ya mpangilio huo: ripoti ya afisa ustawi wa jamii kuhusu familia ya mtoto, elimu yake na mazingira alimokulia. Tungependa wanaisimu waitazame ripoti hiyo kama utanzu. Imeandikwa kwa nafsi ya tatu. Hufika baada ya jibu kutolewa. Katika kisa chetu cha Bahi, habari ya ujira usiolipwa ingeweza kujitokeza humo, ukurasa wa pili, kama maelezo ya umaskini wa kumhurumia, ilhali ni utetezi wa kisheria. Kilichopaswa kuulizwa mwanzo kimefika mwisho, na kimebadilika jina njiani: kutoka haki hadi huruma.

8.0 Hitimisho

Ni wajibu wetu kukiri mipaka ya uhakiki wa aina hii. Neno halijengi ukuta. Ripoti ya ukaguzi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ya mwaka 2011 iliwakuta watoto magerezani pamoja na watu wazima, na sababu mojawapo ilikuwa uchache wa majengo. Kwa miaka mingi mahabusu za watoto zilikuwa katika mikoa michache kama Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Kilimanjaro na Mbeya, na shule ya maadilisho ya Irambo iko Mbeya, mamia ya kilomita kutoka Dodoma. Mtoto wa Kondoa anayelala sakafuni na watu wazima hatapata nafuu kwa sababu tumebadili istilahi.

Hata hivyo, aliingia huko kwa maneno. Makala yameonyesha kwamba maneno hayo yanafanya kazi katika ngazi tatu. Katika ngazi ya jina, utoto hupokonywa anayetuhumiwa na kuachiwa aliyedhurika. Katika ngazi ya istilahi, nomino ya mtu mzima hubaki kichwa, na mtoto huwa kijalizo. Katika ngazi ya usemi, mtoto hupewa swali ambalo heshima yake imekwisha kumjibia. Tafsiri ya sheria inayoendelea inaweza kurekebisha ngazi mbili za kwanza, ikiwa watafsiri watakaa pamoja na wanaisimu na maafisa ustawi badala ya kukaa na kamusi peke yake.

Ngazi ya tatu haihitaji sheria mpya. Inahitaji swali jingine. Badala ya "ni kweli au si kweli?", mtoto angeanza kwa kuulizwa: "Tueleze siku hiyo ilikuwaje." Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa "ni kweli". Linadai kiima, kitenzi, wakati na sababu, linadai simulizi. Litajibiwa polepole, pengine kwa Cigogo, Kirangi au Kisandawe, pengine kwa kusitasita, na karani atapata taabu kuliandika. Taabu hiyo ya karani ndiyo uchunguzi ambao wabunge waliuagiza pale Dodoma mwaka 2009.